Mgeni Asiyegusa Maziwa

Sahani ya makande ilimponyoka Genoveva mlangoni mwa ukumbi, mahindi na maharage yakatapakaa kwenye viatu vya wageni. Hakuinama kuokota. Alikuwa akimtazama mjumbe mmoja aliyekaa dirishani, mwanamume aliyebaki na nusu tu ya sikio la kushoto. Kisha akarudi jikoni mikono mitupu.

"Umeungua?" aliuliza Bibi Marieta, mpishi mkuu.

"Yule wa dirishani, bibi. Bonaventura. Alikuwepo mtoni."

Bibi Marieta akaweka mwiko chini. Habari za mto alizijua.

Miaka mitano nyuma, Genoveva alishuka hapa Gehandu, wilayani Hanang, kwenye lori lililotoka kupeleka mahindi ya msaada kambini. Alikuwa mkimbizi wa vita vya nchi jirani, na mzigo wake ulikuwa khanga moja. Bibi Marieta alimpokea mlangoni kwa swali la wazee wa huku: una damu ya mtu juu yako?

"Ninayo, bibi. Watu kumi na mmoja, kwenye matete ya mto. Watano ni watoto. Ilikuwa kwa panga."

Bibi akalia naye. Hakuuliza zaidi, nani ana moyo wa kuuliza zaidi?

Akamtengea kikombe, kigoda na moto wake peke yake, kwa kuwa aliyeguswa na kifo cha namna hiyo hagusi maziwa ya nyumba ya watu mpaka atakaswe. Mwaka ulipotimia akamchinjia kondoo, akampa kibuyu cha maziwa mbele ya majirani. Genoveva akakirudisha kimejaa. Mpaka leo hajaonja, na bibi huwaambia watu kwamba huzuni ya mtoto huyu haina dawa.

Sasa vita vile vilikuwa vimemfuata hadi Hanang. Mazungumzo ya amani yalikuwa yamevunjika Arusha, wakubwa wazima wakirushiana viti, na wapatanishi wakaona wazilete pande zote mbili kwenye kituo hiki cha kanisa, wapoe siku tatu. Wakikubaliana, malori ya chakula yangeruhusiwa kupita.

"Anataka nini huyo?" aliuliza bibi.

"Mkalimani anasema kesho atasoma majina. Majina ya mtoni."

"Na lako limo?"

"Na langu limo."

"Kumbe amekuja kukumalizia na wewe!" Bibi Marieta alipandwa na hasira mpaka midomo ikamcheza. Genoveva aliinamisha kichwa tu.

Huku Hanang, mwanamke akitendewa uovu, wanawake wenzake hutoka na fimbo, na mwanamume mwenye akili zake haingilii. Kwa kawaida mkosaji hutozwa dume la ng'ombe, likaliwa, yakaisha. Bonaventura hakuwa na ng'ombe.

Walimkuta baada ya chakula cha mchana, wenzake wakiwa wamekwenda kupumzika, akinawa mikono kwenye pipa nyuma ya ukumbi. Walikuwa wanawake thelathini na zaidi. Askari wawili wa lindo, vijana wa hapo hapo waliolelewa na mama hao hao, waliwapa shikamoo na kusogea kando. Mkalimani alitoka mbio akipiga kelele, akala fimbo mbili za mgongoni, akasukumwa ndani, mlango ukafungwa kwa nje.

Fimbo ya kwanza ilimvunja Bonaventura kifundo cha mkono. Ya pili ilimpata mdomoni, akatema meno. Alipoanguka walimpiga mbavu, magoti, kichwa, na vumbi la pale likawa tope jekundu. Hawa ni mama wanaobembeleza watoto na kufunga rozari mikononi kila Jumapili. Inatisha, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Bibi Marieta akainua mkono. Fimbo zote zikasimama hewani.

"Mila inampa neno moja kabla hatujamaliza," alisema. "Aseme."

Bonaventura alijiinua kwa kiwiko. Hakujua Kiswahili. Alimwona Genoveva kati ya wale wanawake, akamkazia jicho lililokuwa bado linafunguka, akasema polepole kwa lugha ya kwao. Alipomaliza alinyoosha mkono wake mzima kuelekea kwake.

"Anasema nini, mwanangu?" aliuliza bibi. "Hapa ni wewe tu unayeijua lugha yake. Ukituambia tumwache, tunamwacha."

Genoveva aliutazama ule mkono. Nzi walishaanza kutua kwenye damu. Nyuma ya mlango mkalimani aligonga na kupayuka, lakini kelele za ng'ombe waliokuwa wakipelekwa kisimani zilimmeza.

"Anakiri, bibi," alisema Genoveva. "Anasema aliwakata wote."

Fimbo zikashuka. Haikuchukua muda.

Bibi Marieta alinawa damu kwenye lile lile pipa, akaenda nyumbani na kurudi na kibuyu. Machozi yalikuwa yakimtoka.

"Sasa unywe, mwanangu. Imekwisha."

Genoveva akakipokea kwa mikono miwili, akanywa mpaka tone la mwisho.

Alichosema Bonaventura kilikuwa hiki: "Waambie panga lilikuwa lako, Genoveva, na mimi nitakusamehe damu ya wanangu."