Jogoo wa Shukrani

Dorca alikuwa njiani kwenda kulishukuru jiwe ambalo hakuwahi kuliona.

Mbele yake alitembea mumewe, Laban, mpasua mawe, jogoo kwapani. Nyumbani Katito walikuwa wamemwacha Nekoye, mamake Laban, aliyetoka Bungoma mbio aliposikia mkaza mwanawe ana mimba. "Mtapewa mtoto mnyamaze tu?" aliwafokea. "Pelekeni jogoo!"

Jiwe hilo lilisimama peke yake nyuma ya kilima, refu kumshinda mtu, limesimikwa na watu ambao hata wazee wa Nyakach hawakuwajua majina. Mwanamke aliyekosa mtoto alilipelekea maziwa, akaliegemea kwa mgongo, akaomba. Alienda peke yake. Mwanamume hakuruhusiwa kumfuata, ila siku ya kushukuru. Watu wa kanisa walishaachana na mambo hayo. Ila Laban, mwaka uliopita, 1968, wiki moja baada ya kurudi kutoka hospitali kule Kisumu, alikoenda kupimwa uzazi, alimwambia mkewe, "Wewe enda kwa hiyo jiwe. Enda hata kila Jumamosi. Sitauliza kitu."

Akaenda. Siku ya kwanza mvua ilimkamata njia panda, akajikinga kwa Oketch, fundi wa baiskeli. Maziwa akayanywa Oketch. Jumamosi zilizofuata hakukuwa na mvua, na maziwa akayanywa Oketch vilevile.

Sasa aliona aibu. Afadhali Laban angekuwa mume wa makofi na matusi! Huyu alimpashia maji ya kuoga, akamkataza kubeba kuni, akamchekea mtoto ambaye hata hajazaliwa. Na jana tu, Nekoye alipouliza jiwe likoje, Dorca alijibu bila haya, "Bado imesimama, Mama. Imeinama kidogo tu." Laban akaitikia kwa kichwa.

Walipofika njia panda, Oketch alikuwa nje akiziba pancha. Aliwaona, akainamia gurudumu lake. Dorca akashindwa kupiga hatua nyingine. Alipiga magoti palepale vumbini.

"Bwana yangu, nisamehe. Mimi sikufika kwa jiwe. Hata siku moja."

Laban alimweka jogoo chini, akamshika mkewe mikono yote miwili, akamwinua polepole.

"Najua," alisema. "Hiyo jiwe nilipasua mimi mwenyewe, siku ile nilitoka hospitali. Ndio nikakutuma."