Shingo Iliyopinda

Siwema alitaka kuchonga sura ya marehemu mama yake, kichwa wima kama kwenye picha ya ukutani. Gogo la mpingo likakataa. Kila alipokaza patasi, nyuzi za mti zilivuta shingo kushoto, na siku ya tatu shavu likaanza kupata ufa. Akaogopa kulipoteza lote. Basi akaacha kushindana nalo, akachonga taratibu akifuata linakopindia.

Dada yake Mwanaidi, ambaye hakuwa amesema neno tangu mazishi, aliingia na chai, akasimama ghafla.

“Hivyo ndivyo alivyokuwa akitusikiliza,” alinong'ona.

“Nilikuwa nimesahau, dada,” Siwema akajibu.

Mwanaidi akaweka chai chini, akapiga magoti, akasogeza mdomo kwenye lile sikio jeusi, akaanza kusimulia.