Mkanda wa Tatu

Kabla ya kubisha hodi, mpakiaji alilivuta fundo la mfuko wake wa machungwa kuona kama limeshika. Ndivyo alivyokuwa tangu ajali. Kamba za viatu, komeo la choo, kifungo cha begi la mwanawe: kila kilichofungwa, lazima akivute tena.

Binti mdogo wa dereva alimfungulia.

"Shikamoo. Baba yupo, ila mguu wake haukunjiki."

"Marahaba, mama."

Dereva alikuwa kitandani, plasta imepanda mpaka pajani. Wiki iliyopita, alipofungua mlango wa trela mbele ya duka la jumla, maboksi ya sabuni yaliyopangwa juu ya paleti za mwisho yalimporomokea. Mikanda ya kufungia mzigo, wa mbele na wa katikati, ilikuwa imekazwa sawasawa. Wa tatu, ule unaozuia mzigo usiegemee mlango, haukuwepo.

Haukuonekana hata ghalani. "Wewe kiboko," msimamizi alimwambia mpakiaji. "Umeusahau mpaka mahali ulipousahau." Wenzake walicheka. Mikanda yake hujulikana: ncha zake huzichovya rangi ya buluu, wasimchukulie. Aliikumbuka mikono yake ikikaza mkanda, lakini mikono hiyo ilishinda ikikaza mikanda siku nzima. Angejuaje kama ilikuwa kwenye trela lile?

"Kaka, nimekuja kuomba radhi," alisema.

Dereva aliangalia ukuta. "Achana na hayo. Keti."

"Nitaketije? Ungekufa wewe."

"Sikufa. Si unaona, mdomo bado unafanya kazi."

Mpakiaji aliutazama mguu wenye plasta.

"Mzigo ulikuwa unacheza njiani?"

"Sikusikia kitu. Nilipita hapa nyumbani kunywa chai, nikaondoka. Kutoka hapa mpaka dukani ni kona mbili tu."

"Hata kona moja inatosha kuangusha maboksi."

Dereva alifumba macho. "Najua," alisema. "Sasa najua."

Mpakiaji alidhani ni maumivu, akazidi kujichukia.

"Kesho bosi ananiita. Nitamwambia nilisahau. Akinifukuza, basi. Nilitaka ulisikie kwangu kwanza."

Kwa mara ya kwanza dereva alimtazama mgeni wake usoni.

"Una watoto?"

"Mmoja. Umri kama wa huyu wako."

Dereva aliurudia ukuta.

"Binadamu husahau, kaka," alisema hatimaye, sauti imemfifia. "Mimi nimeshakusamehe."

Mpakiaji aliyaweka machungwa mezani akatoka, machozi yakimlengalenga. Mtu amevunjwa mguu kwa uzembe wa mwenzake, na bado ana moyo wa kumsamehe! Alijiahidi kwamba hata akikosa kazi, atakuwa anakuja kumwona kila Jumapili.

Uani, binti alikuwa amekaa kwenye bembea ya ubao iliyoning'inizwa kwenye boriti ya kibaraza.

"Anko, nisukume!"

"Ngoja kwanza, shuka." Aliushika mkanda wa bembea akauvuta kwa nguvu zake zote. Ulisogea. "Hii nani kakufungia?"

"Baba. Kila siku alikuwa ananiambia kesho, kesho. Siku ile alipokuja kunywa chai akanifungia haraka haraka. Akasema akirudi atanisukuma." Mtoto alikunja uso. "Halafu akapelekwa hospitali."

Fundo lilikuwa legevu. Mpakiaji alilifungua ili alifunge upya, na ncha ya mkanda ikamwangukia kiganjani, imechovywa rangi ya buluu.