Aliyemmulika Rubani

"Afungwe! Na ufunguo mkautupe chooni!"

Fundi vigae alikuwa amesimama katikati ya wodi, simenti imemganda magotini, mifuko ya koti la kazi imetuna vifaa. Kitandani alilala binti yake, rubani, macho yote mawili yamefungwa bendeji. Daktari alikuwa amesema neno moja tu: tusubiri. Macho yasiporudi sawasawa, urubani ndio basi.

"Taratibu, mzee," alisema askari. "Ndege inashuka, imejaa watu, mtu anaimulika kwa leza kutoka mtaani kwenu. Asingekuwepo rubani msaidizi, leo tungekuwa msibani."

"Na sheria inasemaje?"

"Jela. Umulike ndege, umulike gari, ni jela."

"Akisema alikuwa anacheza?"

"Atachezea ndani."

"Safi! Akilia, mwacheni alie."

"Wewe hukuona mtu yeyote?"

"Nilikuwa paani mwenyewe! Mapaa yote ya mtaa nayatazama. Hapakuwa na mtu. Sijui huyo mshenzi alijificha wapi."

Binti akacheka kidogo. "Baba, usimfokee. Huyu ni askari, si kibarua wako."

Fundi akaketi, akamshika bintiye mkono.

"Na wewe, dada," askari akauliza, "uliona nini?"

"Nilikuwa natafuta paa la nyumbani. Kila nikipita jioni, baba hunipungia tochi. Majuzi nikamtania, nikamwambia tochi yake hata kimulimuli ana nafuu. Basi jana nikasema nitazame vizuri, nisije nikamkosa tena. Ghafla kijani kikanijaa macho." Akageuza uso upande wa baba yake. "Pole, baba. Salamu yako ya jana sikuiona."

Mkono mmoja wa fundi ulikuwa umezama mfukoni, umekishika kifaa chake cha kunyooshea safu za vigae, na haukutoka.

Askari akavaa kofia. "Tutamtafuta nyumba hadi nyumba, mzee. Hana pa kwenda."

"Usijisumbue." Fundi akakitoa kile kifaa, akakiweka kwenye kiganja cha askari. "Bonyeza hapo."

Kitone cha kijani kikatua ukutani, juu kidogo ya kichwa cha binti yake.