Dakika Tano za Kutuliza Mikono

Pigo la tatu ndilo lililomtuliza Fanny.

La kwanza alilipiga kwa woga, la pili kwa aibu. La tatu alilishusha kwa nguvu zake zote, ndara ya plastiki mkononi, katikati ya mgongo wa mwizi aliyelala kifudifudi kwenye matope. Akasikia kifua kikifunguka. Mikono iliyokuwa ikimtetemeka tangu alfajiri ikatulia.

"Moyibi! Moyibi!" watu walipiga kelele.

Jamaa alikuwa ameiba baiskeli ya toleka, wale wabeba abiria wa Kisangani, mchana kweupe, mwenyewe akinunua maji. Siku za mwizi ni arobaini, lakini huyu hakufika hata hatua arobaini. Muuza chikwange, ile mikate ya muhogo, alimtia mchi kwenye gurudumu, mwizi akaruka juu, akaanguka, na kila mpita njia akaja kuchukua fungu lake. Shati lilimfunika kichwa. Alitaka kusema kitu, teke likamrudishia maneno kooni pamoja na meno. Mtu mmoja akaja na tofali.

Fanny alitazama saa. Dakika nne. Akavaa ndara yake, akavuka barabara, akarudi kliniki.

Tusimwonee. Aliyemtoa nje ni Daktari Médard mwenyewe, aliyerudi juzi kutoka semina na dawa moja tu mdomoni: mapumziko mafupi. Muuguzi si jenereta, alisema, na hata jenereta huzimwa ipoe. Chumbani, Khadija alikuwa amejifungua alfajiri na damu imekataa kukatika. Fanny alikuwa ameukosa mshipa wake mara tatu.

"Toka kwanza, Fanny," daktari alimwambia. "Dakika tano. Unavuta pumzi, unahesabu ine, unaachia pole pole. Neva zitatulia."

Alisimama getini, akahesabu nne mara mbili. Hakuna kitu. Ndipo aliposikia zile kelele.

Sasa sindano iliingia mara moja.

"Umeona?" Médard alicheka. "Dakika tano tu!"

"Iko kweli, docteur," Fanny alijibu bila kumtazama usoni. Aliona haya, lakini pia alijiona mwepesi, na hilo ndilo lililomtisha zaidi.

Maji ya chumvi yalidondoka tone kwa tone. Maji si damu. Midomo ya Khadija ilikuwa imepauka. Akamshika Fanny kifundo cha mkono.

"Mama, mutoto iko analia?"

"Analia muzuri. Weye bakia na sisi."

Kilichobaki ni kumngoja Landry, dereva wa kliniki, aliyetumwa kwa pikipiki hadi benki ya damu kule Makiso. Fanny mwenyewe alimwandikia jina la mgonjwa na kundi lake la damu kwa herufi kubwa nyekundu, maana Landry hukawia kwa kila jambo ila kusahau. Na ile pikipiki yake ilikuwa na mazoea ya kuzimika njiani. Simu iliita, ikaita, haikupokelewa.

"Akifika huyu, nitamupiga mie mwenyewe," daktari alisema kwa hasira.

Robo saa ikapita. Vidole vya Khadija vikaanza kulegea kwenye kifundo cha Fanny, kimoja kimoja.

Mlango ukagongwa. Fanny aliuendea mbio.

Hakuwa Landry. Alikuwa yule toleka, matope mpaka magotini, uso umejaa furaha, na kisanduku cha barafu cha plastiki kifuani.

"Mama infirmière, nilikuona kule! Muko na mukono ya nguvu, ee! Velo yangu nimeipata. Alors, nimekuletea matabishi, zawadi kidogo ya asante." Akamkabidhi kisanduku. "Glacière hii, mwizi aliifunga nyuma ya velo. Yeye hataitaka tena. Nikasema, inaweza kuwafaa kuweka dawa. Inavuja kidogo kwa pembe, iko damu yake tu, nilishapanguza."

Fanny alikipokea kwa mikono miwili. Kilikuwa na baridi. Kwa kidole gumba akafuta tope lililobaki juu ya kifuniko, na herufi nyekundu zikajitokeza moja baada ya nyingine, kwa mwandiko wake mwenyewe: KHADIJA. O. HARAKA.