Mchanga wa Zege la Chuo

Bi Mwahija alikuwa amekwisha kujitwika ndoo ya mchanga wa zege la paa la chuo cha Kurani, hapo Rasbura, alipohisi punje zimemdondokea mdomoni.

Akazilamba. Ulimi ulijikunja kwa chumvi, akatema pwe! mbele ya mkwewe, fundi wa jengo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu alipomwoza binti yake.

"Huu mchanga wa pwani!"

"Tumeuosha, mama," mkwe alijibu, macho chini. "Zege likishika, limeshika."

"Zege litashika. Na nondo zilizo ndani je? Chumvi itazila, zivimbe na kumong'onyoka kama jino bovu, paa liwashukie watoto wakisoma. Na wanao wamo!"

Wanawake wenye ndoo walisimama. Mmoja akaguna, "Leo mkwe kapatikana."

Bi Mwahija alitua ndoo, akajaza kiganja mchanga ule mbichi unaonuka mwani, akamsogelea mkwewe mpaka akaisikia pumzi yake.

"Mmeuosha, eti? Haya baba, fumbua kinywa."