Shamba la Elinami Lina Njaa

Tangu sheria ilipoyapa mashamba sauti, shamba la Elinami halikunyamaza hata wakati wa chai.

"Nina njaa," lilisema kupitia kipaza sauti kilichochomekwa ardhini. "Kaboni yangu, ndiyo shibe ya udongo, inazidi kupungua."

Ng'ambo ya ua, shamba la jirani, lenye migomba, kahawa na miti mikubwa, lilikuwa likicheua kwa shibe. La Elinami lililimwa mahindi tu mwaka hadi mwaka, likapinduliwa kwa trekta, na mabua yote yakachomwa moto.

"Nilikuambia tupande migomba, Baba Manka," Aikande alimwambia mumewe, Elinami. "Ukasema migomba ni mambo ya kizamani."

Kisheria, shamba lenye njaa hujichagulia chakula. Lilikwisha kula samadi, godoro la sufi na viti vyote, ndiyo maana Elinami alikunywa chai kwa ndizi amechuchumaa.

"Leo unataka nini tena?" alifoka. "Kitanda?"

Shamba likasita, kama mgeni anayeona haya kuomba nyongeza.

"Baba Manka," likasema kwa upole, "hivi wewe una kilo ngapi?"

"Themanini," Aikande akajibu, huku akimsogezea mumewe ndizi nyingine.